Ute wa Magoti: Kinacholainisha Kiungo ni Maji Yaliyoshikwa

Mtu akilalamika kuumwa magoti, hakosi wa kumwambia kwamba ute umekwisha. Ushauri unaofuata tunaujua sote: ale bamia kwa wingi, anywe supu ya makongoro, au anunue kopo la vidonge vinavyotangazwa kurudisha ute. Fedha zinakwenda, maumivu yanabaki, na goti linazidi kuharibika huku mwenyewe akingoja nafuu. Ukielewa goti linavyolainishwa, utajua pia nini kinalilinda na nini kinalimaliza.

Ute wenyewe ni kidogo tangu mwanzo

Goti zima, lisilo na ugonjwa wowote, huwa na ute usiofika kijiko kimoja cha chai. Ute huo hutengenezwa na utando unaozunguka kiungo, ambao huchuja maji kutoka kwenye damu na kuyaongezea molekuli zake maalumu. Bamia ni mboga nzuri, lakini ute wake huishia kwenye utumbo. Hauna njia ya kupita ukiwa mzima hadi gotini.

Tena goti lililosagika mara nyingi huvimba kwa sababu majimaji yameongezeka. Kinachopungua ni ubora wake, na kinacholika ni gegedu, yaani ile sehemu nyeupe inayofunika ncha za mifupa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu wa viungo kusagika, na goti ndilo linaloathirika zaidi.

Tabaka la maji lisilokubali kubanduka

Ukinunua kuku, tenganisha paja na mguu kwenye kiungo uangalie ncha za mifupa. Ile sehemu nyeupe inayong'aa ndiyo gegedu. Pitisha kidole, kinateleza. Futa kwa kitambaa kikavu, ujaribu tena: bado kinateleza. Sehemu kubwa ya uzito wa gegedu, kati ya asilimia 70 na 80, ni maji.

Juu ya uso wake zimejipanga molekuli za aina tatu zinazofanya kazi pamoja: hialuronani, lubrisini na mafuta ya kundi la fosfolipidi. Zote zina sehemu zenye chaji za umeme. Molekuli ya maji nayo ina upande wenye chaji hasi kidogo, kwenye oksijeni, na upande wenye chaji chanya kidogo, kwenye haidrojeni. Kwa hiyo maji huvutwa na kung'ang'ania pale. Kichwa kimoja cha fosfolipidi hushika molekuli za maji zipatazo 10 hadi 15. Unene wa tabaka hilo ni kama nanometa moja tu, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita.

Tabaka jembamba kiasi hicho linabeba mzigo mkubwa. Ndani ya nyonga, shinikizo linaweza kufika mara 100 ya lile la hewa inayotuzunguka, wakati tairi la gari dogo hujazwa kwa mara mbili hivi tu. Maji hayakamuliki yote kwa sababu kuyabandua kwenye chaji kunahitaji nishati nyingi mno. Hata hivyo hayajaganda. Kila molekuli hubadilishana nafasi na jirani yake kwa kasi ya ajabu, ndani ya muda unaokaribia sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Hapo ndipo penye siri ya kiungo: maji yaliyoshikwa hustahimili kubanwa, lakini hukubali kuteleza.

Mwaka 2002, Uri Raviv na Jacob Klein wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli walitoa matokeo ya jaribio lililoonyesha jambo hili wazi. Walitumia vipande vya ulanga, madini yanayochanika kuwa karatasi laini kabisa, wakavisogeza karibu ndani ya maji ya chumvi mpaka pengo likawa kama nanometa moja. Chembe za chumvi zilizojivika maji zilibaki katikati, zikabeba mzigo, na vipande vikaendelea kuteleza kwa urahisi. Vimiminika vingi vya jamii ya mafuta, vikibanwa hadi kubaki molekuli chache za unene, hukakamaa kama kitu kigumu.

Katika kiungo kizima, kipimo cha msuguano huwa kati ya 0.001 na 0.01. Maana yake, hata kwa kipimo hicho cha juu, mzigo wa kilo 100 unasogezwa kwa nguvu ya kuinua kilo moja tu.

Unachoweza kufanya

*Tembeza kiungo.* Gegedu halina mishipa ya damu. Lishe yake huletwa na majimaji yanayotoka linapobanwa na kurudi linapoachiwa. Fundi cherehani, dereva au muuza duka anayekaa saa nyingi ainuke mara kwa mara, atembee kidogo. Hata mwenye goti linalouma anahitaji mazoezi. Zoezi moja rahisi: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka goti linyooke, kaza misuli ya paja, hesabu hadi tano, kisha shusha taratibu. Rudia mara 10 kwa kila mguu. Paja lenye nguvu hupunguza mshtuko unaofika gotini.

*Punguza uzito uliozidi.* Utafiti wa mwaka 2005 kwa wazee wanene wenye magoti yaliyosagika ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopungua mwilini iliondoa mzigo wa kama kilo nne gotini katika kila hatua.

*Linda uso wa gegedu.* Gegedu lililochubuka hupona kwa shida kwa kuwa damu hailifikii, na uso ukiharibika molekuli zinazoshika maji hukosa pa kusimama. Ukianguka na bodaboda au ukaumia uwanjani, usirudi mchezoni goti likiwa linayumba. Pata uchunguzi kwanza.

*Chunguza unachouziwa.* Katika mwongozo wake wa mwaka 2019, chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo cha Marekani kilishauri kwa mkazo kutotumia vidonge vya glukosamini kwa ugonjwa wa goti kusagika. Sindano ya steroidi hutuliza maumivu kwa muda, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliochomwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi. Usirudie sindano hiyo bila daktari kukueleza faida na hasara. Dawa za maumivu kama diklofenaki nazo, zikitumiwa ovyo, huumiza tumbo na figo.

*Kunywa maji kwa afya ya mwili mzima.* Glasi za ziada haziendi moja kwa moja gotini. Kazi ya kuyashika maji pale ni ya gegedu lenyewe, na ndiyo maana ulinzi wa gegedu unatangulia.

Lini usisubiri

Maumivu yakizidi wiki kadhaa, nenda hospitali umwone daktari, na uulize kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia wa kukupangia mazoezi yanayolingana na hali yako. Goti likikwama lisikunjuke, au ukishindwa kulikanyagia baada ya kuumia, nenda siku hiyo hiyo.

Dharura kubwa ni goti au kiungo chochote kinachovimba ghafla, kikawa cha moto na kuuma sana, hasa pakiwa na homa. Huenda ni maambukizi ya bakteria. Mtoto anayekataa kutumia mguu huku ana homa, na mgonjwa wa selimundu mwenye dalili hizi, wapelekwe mara moja. Usikande, usichue, usijaribu dawa ya kupaka kwanza. Usaha unaweza kuliharibu gegedu ndani ya siku chache, na gegedu likishaharibika hivyo halirudi.