Gemu ya kutoa jasho sebuleni

SWALI: Daktari, naishi Shangani, Mtwara. Mwanangu ana gemu ya kucheza dansi mbele ya televisheni. Nikiicheza nami nitapungua mwili? Kukimbia barabarani naona haya.

JIBU: Itakusaidia, mama, ilimradi uhemewe. Gemu za kubonyeza vitufe umekaa kwenye kochi hazimo. Just Dance, au Ring Fit Adventure ya Nintendo iliyotoka mwaka 2019, zinakulazimisha kuchuchumaa, kunyanyua magoti na kurusha mikono. Jipime hivi: uweze kuongea lakini ushindwe kuimba. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Ila unene unaamuliwa zaidi na sahani kuliko skrini. Punguza ugali na soda pia.

Joto la pwani yetu, hasa kabla ya kusi kuanza, si la mchezo. Fungua madirisha, cheza alfajiri, kunywa maji. Kama una presha au magoti yanauma, pitia zahanati kwanza.

Umeme ukikatika? Mwambie mwanao agonge ndoo, ucheze sindimba. Hiyo haihitaji rimoti.