Maana ya neno "hasi" katika majibu ya kinyama cha titi

Katika majibu ya kinyama kilichochukuliwa kwenye titi, huenda ukasoma: "E-kadherini: hasi." Hiyo haina maana kwamba huna saratani.

E-kadherini ni protini iliyo kwenye utando wa seli. Kazi yake ni kuzishikamanisha seli jirani, mithili ya vishikizo vya nguo. Maabara hutumia rangi maalumu ili kuibaini. Rangi hiyo isipoonekana kwenye seli za saratani, majibu huandikwa hasi, na mara nyingi hiyo ni ishara ya saratani ya aina ya lobula. Kwa kuwa seli zake hazishikamani, hupenya katika tishu zikifuatana moja moja kama siafu. Hivyo huenda zisifanye uvimbe unaopapasika wala kuonekana vema kwenye mamogramu.

Kipimo hiki husaidia kutambua aina ya saratani. Uchaguzi wa dawa hutegemea zaidi vipokezi vya homoni na HER2. Kwa hiyo, muulize daktari wako:

- Saratani hii ni ya aina gani?
- Je, vipokezi vya estrojeni, projesteroni na HER2 vimepimwa?

Usinunue dawa wala kuacha matibabu kwa sababu ya neno moja. Tunza nakala ya ripoti yako.