MALEBA HUSEMA KABLA YA MWIGIZAJI

Tukiulizwa katika mtihani wa fasihi maleba ni nini, wengi wetu hujibu kwa mstari mmoja: ni mavazi ya mwigizaji. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi. Muhula wa pili chama chetu kiliigiza sehemu kadhaa za Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka wa 1969, nami nikapewa kazi ya maleba na mapambo ya uso. Niliyojifunza ni haya.

Kwanza, soma tamthilia ukiwa na kalamu mkononi. Andika kila mhusika ni nani, aliishi lini na ana uwezo gani. Kinjeketile inahusu Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa Tanzania ya leo kuanzia 1905 hadi 1907. Wanakijiji walilazimishwa kulima pamba ya Wajerumani. Sasa utawavisha jinzi na raba kweli? Tuliwavisha kaniki na shuka kuukuu, na shuka nyeupe tukazichemsha kwa majani ya chai hadi zikawa na rangi ya udongo. Leso za kina mama tulizikataa. Leso ina jina, na watu wangesoma jina badala ya kusikiliza.

Pili, maleba hutenganisha watu. Askari wengi wa Wajerumani walikuwa Waafrika kama wale waliowapiga. Jukwaani nasi sote ni wanafunzi wa shule moja, kwa hivyo ni nguo inayomwonyesha aliyeketi nyuma nani ana nguvu na nani hana. Askari walivaa kaki na tarbushi za kadibodi iliyofunikwa kitambaa. Wanakijiji walikuwa peku.

Tatu, jambo lililotuletea ubishi. Baadhi ya wenzetu walitaka mwigizaji wa Mjerumani apakwe unga usoni, ati bila unga hatajulikana kuwa ni mzungu. Mimi nilipinga. Hadhira ikicheka wakati mtu anachapwa viboko, uchungu wa waliokufa katika vita vile umepotea. Mwalimu mlezi akasema tujaribu yote mawili katika mazoezi. Siku ya unga, jameni, ukumbi mzima ulivunjika mbavu, na jasho likageuza unga kuwa uji. Siku ya pili mwenzetu aliingia na buti, mkanda mpana na kofia ngumu, akatembea polepole. Kukawa kimya. Unga tukauacha.

Nne, maleba yaweza kubeba kisa chenyewe. Masimulizi husema Kinjeketile aliingia majini akatoka siku iliyofuata nguo zake zikiwa kavu. Kuna waliotaka mwigizaji amwagiwe maji ili aonekane ametoka mtoni. La! Kaniki ikilowa, muujiza uliowafanya watu waamini haupo tena.

Tano, uso. Ukitaka mzee, mwambie mwigizaji akunje uso, kisha ufuate mikunjo yake mwenyewe kwa wanja. Mpake mafuta kwanza ili rangi itoke kwa urahisi baadaye. Unga kidogo nyweleni ni mvi tosha. Sisi wa shule ya kutwa huigiza mchana, mwanga ukitoka madirishani, kwa hivyo rangi kidogo inatosha. Rangi ya viatu na wino visiguse ngozi ya mtu. Rangi yoyote ijaribiwe mkononi siku moja kabla. Tena kila mtu awe na wanja wake, maana ugonjwa wa macho huambukizana upesi.

Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sisi karibu zote tuliazima, na zilitusitiri vyema. Ila kila nguo iandikwe jina la mwenyewe, ifuliwe na irudishwe kwa wakati, la sivyo mwakani kina mama hawatatupa hata shuka moja.