Utafiti wa Mwaka wa Nne: Jiandae kwa Swali la "Umejuaje?"

Kwa miaka mitatu mwanafunzi wa sayansi huingia maabara akijua kwamba jibu lipo tayari. Mwalimu analo, kitabu kinalo, na waliomtangulia walilipata. Mwaka wa nne ukifika anaambiwa atafute jambo lisilojulikana, na hapo wengi huduwaa. Wapo wanaokimbilia mada kwa sababu idara ina mashine mpya, na wapo wanaochukua mradi wa mwaka jana na kubadilisha jina la mji. Somo la mbinu za utafiti walilisoma kwa kukariri istilahi, ilhali lina kazi moja kubwa: kukuwezesha kusimama mbele ya watahini na kujibu swali la "Umejuaje?"

Makala haya yanafuata mradi mmoja wa mfano, ambao mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, au wa chuo kingine chochote cha Nakuru, anaweza kuufanya kwa nauli ya matatu: floridi katika maji ya visima virefu. Aliyekulia sakafuni mwa Bonde la Ufa amewaona watu wenye madoa ya kahawia menoni, alama ya floridi iliyozidi majini. Miamba ya volkano ina floridi, na maji ya chini ya ardhi hapa mara nyingi yana kalsiamu kidogo ya kuinasa, kwa hiyo hubaki imeyeyuka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na visima vingi vya bonde hili huvuka kiwango hicho.

Anza na swali dogo

"Ubora wa maji Nakuru" ni mada pana mno. Hakuna anayeweza kuimaliza kwa mwaka mmoja. Swali dogo ni hili: je, visima vya sakafu ya bonde vina floridi nyingi kuliko visima vya mteremko wa milima ya Mau? Hapa kuna makundi mawili ya kulinganishwa, kipimo kimoja na eneo linalojulikana.

Swali likipatikana, andika nadharia tete pamoja na sababu yake. Maji yanayoshuka kutoka Mau hukaa muda mrefu ndani ya miamba, na jinsi yanavyokaa ndivyo yanavyozidi kuyeyusha floridi; basi tunatarajia visima vya chini viwe na kiasi kikubwa zaidi. Kisha andika ni matokeo gani yatakayokufanya ukiri kwamba nadharia hiyo haikusimama. Usipoweza kuyataja, rudi kwa msimamizi wako mzungumze tena.

Vibali kwanza, chupa baadaye

Kisima kina mwenyewe. Mweleze unachopima, atapataje majibu na jina lake litatunzwaje. Akikataa, shukuru uondoke. Iwapo utawahoji watu kuhusu afya zao au za watoto wao, unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, na taarifa zao zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Leseni za utafiti nchini Kenya hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Uliza idara yako mapema utaratibu wa wanafunzi wa shahada ya kwanza ukoje. Anayetaka kuchota maji ya Ziwa Nakuru ajue kwamba ziwa limo ndani ya hifadhi ya taifa, na ruhusa hutolewa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Vibali huchukua muda. Anayeviomba wiki ya kwenda uwanjani amechelewa.

Visima vichaguliwe kwa utaratibu

Ukipima visima vilivyo kando ya lami kwa sababu vinafikika, umejifunza habari za visima vya kando ya lami. Tafuta orodha kamili kadiri iwezekanavyo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) ndiyo inayotoa vibali vya kuchimba visima, na kumbukumbu zake ni mahali pazuri pa kuanzia. Igawe orodha mara mbili, visima vya mteremko na vya sakafu ya bonde, kisha chagua kwa bahati nasibu ndani ya kila kundi. Kisima ulichokikosa kwa sababu ya lango lililofungwa au njia iliyojaa matope, kiandike pamoja na sababu.

Kosa linaloangusha miradi mingi ni la kuhesabu. Ukichota chupa 10 kutoka kisima kimoja, hujapima visima 10. Umepima kimoja mara 10. Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert alichapisha makala mashuhuri akionyesha kuwa hata watafiti waliobobea walikuwa wakihesabu marudio ya aina hii kana kwamba ni sampuli zinazojitegemea. Kwa swali letu, kinachohesabiwa ni kisima. Muda na pesa zikiwa chache, heri kuongeza visima kuliko kuongeza chupa.

Kipimo nacho hupimwa

Chota baada ya pampu kufanya kazi kwa dakika kadhaa, ili upate maji ya kisima, si yaliyolala kwenye bomba. Tumia chupa za plastiki, kwa kuwa floridi inaweza kushambulia kioo. Suuza chupa kwa maji yaleyale, jaza, funga, na uandike lebo papo hapo.

Maabarani, floridi hupimwa kwa elektrodi maalumu. Kabla ya kupima, kila sampuli huchanganywa na bafa iitwayo TISAB, ambayo husawazisha hali ya maji na kuiachilia floridi iliyoshikwa na alumini au chuma. Usipoitia, elektrodi haitaiona floridi yote.

Kisha ipime elektrodi yenyewe kwa miyeyusho ambayo kiwango chake unakijua. Kwenye nyuzijoto 25, floridi ikiongezeka mara 10, usomaji hubadilika kwa takriban milivolti 59. Ukipata 40, simama. Kuna hitilafu, na kila tarakimu utakayoandika baada ya hapo itakuwa na shaka. Pima pia maji safi yasiyo na floridi, rudia baadhi ya sampuli, na katika nyingine ongeza kiasi cha floridi unachokijua uone kama kipimo kitakirudisha.

Kwa nini uhangaike hivi? Tazama mashamba ya utafiti wa ngano ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, hapohapo Njoro. Ugonjwa wa kutu ya shina aina ya Ug99, uliogunduliwa Uganda mwaka 1998, ulitishia ngano ya dunia, na aina za ngano kutoka nchi nyingi huletwa Njoro kujaribiwa. Katikati yake hupandwa ngano inayojulikana kuwa dhaifu kwa kutu. Hiyo isipougua, hakuna anayeweza kudai kwamba jirani yake ni sugu. Huenda ugonjwa haukufika shambani msimu huo. Miyeyusho yako ya kulinganishia hufanya kazi hiyohiyo.

Daftari na ramani

Andika kwa kalamu ya wino: tarehe, saa, jina la siri la kisima, kina chake, halijoto ya maji, na jambo lolote lisilo la kawaida. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka. Piga picha ya kila ukurasa jioni ileile.

Uwe makini na GPS. Jiji la Nakuru liko karibu nyuzi 0.3 kusini mwa ikweta. Alama ya kutoa ikidondoka wakati wa kunakili, kisima chako kitahama zaidi ya kilomita 60 na kujikuta karibu na Ziwa Bogoria. Fungua ramani na uviangalie visima vyote kabla ya kufanya hesabu yoyote.

Amua hesabu kabla ya kuona matokeo

Andika katika pendekezo lako ni jaribio lipi la takwimu utakalotumia. Anayejaribu matano na kuripoti lile lililompendeza hana jibu la "Umejuaje?" Mara nyingi huwapo visima vichache vyenye floridi nyingi mno vinavyouvuta wastani, kwa hiyo ripoti kiwango cha kati (mediani), na ufikirie jaribio la Mann-Whitney, ambalo hulinganisha makundi mawili bila kutegemea wastani. Programu ya R hupatikana bure. Chora grafu kwanza, kila kisima nukta yake, kisha ndipo uhesabu. Sampuli ambayo floridi yake haikuonekana usiiandike sifuri. Andika kwamba iko chini ya kiwango ambacho kifaa kinaweza kugundua.

Na kama makundi mawili hayatofautiani? Hayo ni matokeo. Mradi uliofanywa kwa uangalifu haufeli kwa sababu nadharia tete imekataliwa.

Rudisha majibu

Wenye visima walikufungulia malango. Wana haki ya kujua. Kwanza hakiki matokeo na msimamizi, kisha waeleze kwa lugha nyepesi, na mshauriane kuhusu kuwahusisha maafisa wa maji wa kaunti. Waambie kwamba kuchemsha hakuondoi floridi, kwani maji hupungua na floridi hubaki. Waambie pia kwamba walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, ambao meno yao ya ukubwani yangali yanajengeka. Njia za kuichuja zipo: Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi kwa miaka mingi na vichujio vya mkaa wa mifupa.

Wiki hii, kabla ya kukutana na msimamizi, andika ukurasa mmoja: swali lako, unachokitarajia na sababu yake, unachohesabu, utakavyokipima, na jaribio utakalolitumia. Mpe mwenzako wa idara nyingine ausome. Kila atakapouliza "Utajuaje?" ukakosa la kusema, hapo ndipo pa kuanzia kazi.