Kufundisha Bafa: Ghala la Muda katika Njia ya Data

Tukikagua mazoezi ya kufundisha, tumesikia mara kwa mara wanafunzi wakiambiwa kwamba bafa huongeza kasi ya mtandao. Kosa hili likiota mizizi, ni vigumu kuling'oa. Bafa ni ghala dogo katika kumbukumbu ya kompyuta ambamo data hungoja zamu yake, ili iliyofika kwa vishindo itoke kwa utaratibu.

Yafaa somo lianze kwa vitendo. Mwalimu aandae vikaratasi 30 vyenye namba. Mwanafunzi mmoja avipeleke bila mpango, mara vitatu kwa pamoja, mara asipeleke chochote kwa makofi manne. Mwenziwe asome kimoja kwa kila kofi la darasa. Duru ya kwanza pasiwe na meza kati yao: kisichowahi kusomwa huanguka, na kimya hukatiza usomaji. Duru ya pili vipangwe mezani kwa mstari, na msomaji asianze mpaka vitimie sita. Sasa usomaji utatiririka, ila umechelewa kuanza. Mwalimu aulize: je, namba zimefika upesi zaidi? Asifanye haraka kujibu yeye.

Duru ya tatu wengi huiacha, nayo ndiyo kiini cha somo. Mpelekaji alete kimoja tu kwa kila makofi mawili. Hata msomaji akingoja vitimie kumi, afikapo kwenye namba 20 hivi meza itakuwa tupu. Bafa hufidia kuyumba, upungufu haiuwezi.

Madarasa ya juu yapewe hesabu. Ruta, yaani kifaa kielekezacho data njiani, nacho kina bafa. Megabaiti 12.5 ni megabiti 100. Zikipanga foleni mbele ya njia ipitishayo gigabiti 1 kwa sekunde, ya mwisho hungoja sekunde 0.1, mbele ya njia ya megabiti 10, hungoja sekunde 10! Mtazamaji wa filamu aweza kuvumilia. Wazungumzao kwa simu hawawezi: kwa mujibu wa mapendekezo ya ITU, mazungumzo huwa salama ucheleweshaji wa upande mmoja usipozidi milisekunde 150.

Ndiyo maana mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walipendekeza ruta ipime muda ambao kila pakiti imengoja. Foleni ikidumu, iangushe baadhi yake kwa makusudi, ili mpelekaji apunguze kasi. Wanafunzi watashangaa. Basi duru ya pili irudiwe, safari hii meza ikiwa na nafasi nane tu, na darasa lenyewe liamue kikaratasi kipi kiangushwe, na lini.