Kupunguza Unene: Kwa Dawa au kwa Kujizuia?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu na akampa mwili uwe amana mikononi mwake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Liko suali linaloulizwa sana mabarazani, na wenye kulijibu ni wengi kuliko wenye kulijua. Suali lenyewe ni hili: mtu aliyenenepa hatta unene wake ukawa ni maradhi, je, atumie dawa apate kupungua, au ashike njia ya asili, yaani kupunguza chakula na kuutaabisha mwili? Wako wasemao kuwa dawa ni udhaifu wa imani. Wako wasemao kuwa kujizuia ni mambo ya wazee, na kwamba sindano imekwisha kuyaondoa. Na wako wengine, nao ndio wenye khatari zaidi, wauzao chupa na kusema: "Hii si dawa, hii ni asili tupu."

Mfano wake ni mtu wa miaka 48, mwenye duka, akaaye kitini tangu asubuhi hatta magharibi. Urefu wake ni sentimita 170 na uzani wake kilo 104. Asubuhi hula mahamri manne kwa mbaazi za nazi, na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Adhuhuri ni wali. Alasiri ni soda na sambusa. Usiku ni wali tena, au biriani ikiwa kuna karamu, na karamu hazikosi. Magoti yamuuma, akilala hukoroma na kukatwa pumzi, na mwaka huu ameanza kuswali juu ya kiti, kwa kuwa akisujudu hawezi kuinuka. Tabibu amempima akamwambia kuwa sukari ya damu imepanda, ila haijafika daraja ya ugonjwa wa kisukari.

Matabibu huupima unene kwa hesabu nyepesi. Uzani wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa nafsi yake. Ikitoka 25 na zaidi, mtu amepita uzani wake. Ikitoka 30 na zaidi, huo ni unene ulio maradhi. Mtu huyu hesabu yake ni 36. Basi lake si jambo la kutaka sura nzuri, wala si la kuchekwa na rafiki zake. Ni jambo la moyo wake, na figo zake, na macho yake, na wanawe wanaomtegemea.

Katika sharia, asli ya jambo hili haina utata. Qur'ani imeruhusu kula na kunywa, ikakataza kupita kiasi. Tirmidhi naye amepokea Hadithi ya Miqdam bin Maadikarib, ambayo ndani yake Mtume s.a.w. amelifanya tumbo kuwa ndicho chombo kibaya zaidi cha mtu kukijaza. Matonge machache yamtosha mtu. Na ikiwa hapana budi, basi thuluthi iwe ya chakula, thuluthi ya kinywaji, na thuluthi ya pumzi. Hiyo ni njia ya kujizuia. Na imepokewa katika Hadithi ya Usama bin Sharik kuwa mabedui walimwuliza Mtume s.a.w. khabari ya kujitibu, naye akawaamuru wajitibu, kwa kuwa hapana maradhi ila yamewekewa dawa, isipokuwa uzee. Hiyo ni njia ya dawa. Basi mwenye kudai kuwa kutumia dawa ni kukosa kumtegemea Mungu, na ajue kuwa ameyakataza yaliyoamrishwa.

Na utaratibu wa njia hizi mbili ulikwisha kutajwa zamani. Ibn al-Qayyim, aliyekufa mwaka 751 wa Hijra (1350), ameeleza katika Zad al-Ma'ad kuwa matabibu wameafikiana ya kwamba maradhi yawezayo kuondoshwa kwa chakula na kujizuia yasiendewe kwa dawa, na yawezayo kuondoshwa kwa dawa moja nyepesi yasiendewe kwa dawa ya mchanganyiko. Aangalie mwenye kusoma: hakusema kuwa dawa iachwe. Amesema iwe na mahali pake. (Ama yale maneno yapendwayo na wahubiri, ya kuwa kujizuia ndicho kichwa cha dawa zote, hayo si Hadithi; ni maneno yanasibishwayo na Harith bin Kalada, tabibu wa Waarabu.)

Sasa itazamwe njia ya kujizuia, ina nguvu gani. Huko Marekani watu 3,234 ambao sukari yao imepanda na haijafika daraja ya kisukari, sawasawa na mwenye duka huyu, waligawanywa mafungu kwa kura. Fungu moja lilipewa metformini, dawa ya kisukari ijulikanayo tangu zamani. Fungu jingine lilifundishwa kupunguza chakula na mafuta, na kutembea dakika 150 kwa juma, ili wapungue asilimia 7 ya uzani wao. La tatu lilipewa vidonge vitupu. Khabari yake ilichapishwa mwaka 2002, baada ya kutazamwa kwa muda wa karibu miaka mitatu. Waliokunywa metformini, kupatwa kwao na kisukari kulipungua kwa asilimia 31. Wale wa kujizuia na kutembea, kulipungua kwa asilimia 58. Kujizuia kuliishinda dawa. Na uzani walioupoteza haukuwa wa ajabu. Wastani wake ulikuwa kilo tano na nusu hivi. Baadaye kilo nyingi zilirudi, walakini faida haikwisha: baada ya miaka 15 kisukari kilikuwa bado ni kichache kwao kuliko kwa wale wa vidonge vitupu.

Asilimia 7 kwa mwenye duka ni kilo saba na kidogo. Hizo hazimfanyi mwembamba, na rafiki zake huenda wasizione. Magoti yake yataziona, kwani imepimwa kuwa kilo moja ikipungua mwilini, goti hupunguziwa mzigo wa zapata kilo nne kwa killa hatua. Na hapa pana jambo la ibada. Mwenye kushindwa kusujudu ana ruhusa ya kiti, na swala yake ni sahihi. Lakini uwezo ukirudi, ruhusa huondoka, na hana budi kurudi chini.

Kujizuia kwenyewe si kula majani. Gramu moja ya mafuta ina nguvu ya moto zaidi ya marra mbili ya gramu moja ya wanga au sukari, na kwa hivyo andazi lililozamishwa katika mafuta si sawa na mkate wa unga ule ule. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na zaidi, yaani vijiko vya chai saba au vinane, na haishibishi. Mtu huyu akiacha soda, akala mahamri mawili badala ya manne, akapunguza wali kwa nusu na mahali pake akatia mchicha na samaki wa kuchoma, na akanywa kahawa chungu bila ya halwa, amekwisha kufanya kazi kubwa pasina kumsumbua mkewe kwa vyungu viwili. Na msikiti aendao kwa gari, aende kwa miguu. Saumu za Jumatatu na Alkhamisi ni ibada, na zasaidia pia. Ila saumu haina siri ya kupunguza unene zaidi ya kule kupunguza chakula, na mwenye kufuturu kwa kulipiza kisasi hatapungua kitu.

Lakini ni dhulma kumwambia mnene kuwa hakuna kinachomzuia ila ulafi. Mwili uliopungua hupigana urudi ulipokuwa. Homoni za njaa huzidi, na za kushiba hupungua, na hali hiyo imeonekana hatta mwaka mzima baada ya mtu kupungua. Wako walioshika kujizuia kwa kweli, miezi na miaka, na uzani haukwenda, au ulikwenda ukarudi. Hao wasilaumiwe. Hao ndio mlango wa dawa unafunguliwa kwa ajili yao.

Kabla ya kuingia mlango huo, yambidi mtu aufunge mlango mwingine, nao ni wa zile chupa. Watu wamezoea kuita "asili" killa kitokacho mtini. Mwaka 1993 matabibu wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza khabari ya wanawake ambao figo zao zilikufa baada ya kutumia dawa ya kupunguza unene iliyokuwa na mitishamba ya Kichina. Ilipochunguzwa, ilionekana kuwa mti mmoja ulibadilishwa kwa mwingine kwa kufanana majina, na ule uliotiwa, aristolokia, ni sumu ya figo. Waliopatwa walifika zapata mia, na wengine wakaota saratani katika njia ya mkojo baada ya miaka. Mti ule ulikuwa asili tupu. Tena iko dawa iitwayo sibutramini, iliyoondoshwa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa iliwazidishia watu maradhi ya moyo na kiharusi. Tangu siku hizo wakaguzi wameikuta marra nyingi imefichwa ndani ya vidonge na majani ya chai viandikwavyo kuwa ni vya mitishamba mitupu. Mnunuzi hupungua kweli, akasifu majani, naye anakunywa dawa iliyokatazwa kwa kipimo asichokijua. Huo ni ghushi, na mwenye kuuza hali anajua amewalia watu mali yao kwa batili na kuwatia katika maangamizo.

Wala mwenye kusifu dawa za maabara asijivune. Mwaka 1933 Marekani ilianza kuuza dinitrofenoli, kitu cha viwanda vya baruti, ili watu wayeyushe shahamu. Wako waliokufa kwa joto la miili yao wenyewe, na wako waliopofuka, hatta ikazuiwa mwaka 1938. Fenfluramini nayo iliondoshwa mwaka 1997 baada ya kuharibu milango ya moyo.

Dawa isemwayo zaidi siku hizi ni sindano ya semaglutidi, iuzwayo kwa jina la Ozempic kwa kisukari na Wegovy kwa unene. Hudungwa chini ya ngozi marra moja kwa juma. Imefanywa kwa mfano wa homoni itokayo matumboni baada ya kula, ambayo huupasha ubongo khabari ya kushiba, na hukichelewesha chakula tumboni. Katika jaribio la watu 1,961 lililochapishwa mwaka 2021, waliodungwa dawa kwa majuma 68 walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzani wao. Waliodungwa sindano tupu, asilimia 2.4. Na wote walikuwa wakishauriwa khabari ya chakula na mazoezi, yaani sindano haikusimama peke yake. Kwa mwenye duka hiyo ni kilo kumi na tano na nusu. Tena mwaka 2023 ilithibiti kwa watu 17,604 wanene wenye maradhi ya moyo kuwa shtuko la moyo, kiharusi na kifo cha maradhi hayo vilipungua kwa sehemu moja katika tano.

Hayo ni makubwa, wala hayafai kufichwa. Lakini walioacha sindano, mwaka mmoja baadaye walirudishiwa thuluthi mbili za uzani walioupoteza. Mwenye kuianza na ahesabu kuwa atakaa nayo miaka, na bei yake ni kubwa. Nafaka ya nyumba na ada ya shule ya watoto ni wajibu uliotangulia. Pamoja na hayo huleta kichefuchefu, kutapika, kuhara au kufunga choo, na kwa wachache vijiwe vya nyongo na kuvimba kwa kongosho, na misuli hupungua pamoja na shahamu. Mwenye jamaa aliyepatwa na saratani ya tezi la shingo na amwambie tabibu kabla ya kudungwa, kwani iko namna ya saratani hiyo ambayo dawa hii haipewi mwenye nasaba nayo. Wala isinunuliwe mkononi mwa mtu: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya Ozempic ya bandia iliyokamatwa katika nchi kadhaa. Ama vidonge vya orlistati, hivyo huzuia zapata thuluthi moja ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Faida yake ni ndogo, na aliyekula mafuta mengi huenda yakamtoka bila ya kujijua. Mwenye kuchunga udhu na aliangalie hilo.

Basi mwenye duka afanye nini? Kwa kuwa kisukari hakijamfika, na kujizuia hajapata kukujaribu kwa kweli hatta siku moja, aanze hapo, kwa mizani na kwa kuandika, miezi sita, akipimwa damu na tabibu. Kule kukatwa pumzi usingizini akuseme wazi, wala asikuone ni mzaha wa kukoroma. Miezi ikipita na mizani haikushuka, au sukari ikapanda juu zaidi, aende kwa dawa bila ya haya, na kujizuia asikuache. Na mwenzake ambaye hesabu yake ni 36 kama yeye, lakini amekwisha kupatwa na shtuko la moyo, huyo hakuambiwa angoje miezi sita. Dawa yake ni ya leo.

Suali: Je, sindano hii ina kitu cha haramu ndani yake?
Jawabu: Semaglutidi hufanywa kwa hamira, si kwa nguruwe. Ama vidonge vilivyotiwa katika maganda ya jelatini, na aulizwe mwenye duka la dawa asli ya jelatini hiyo.

Suali: Mwenye kudungwa katika mchana wa Ramadhani, saumu yake yaharibika?
Jawabu: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, ilikata kuwa sindano ya ngozi au ya msuli isiyokuwa ya kulisha haifunguzi. Na kwa kuwa hii ni ya marra moja kwa juma, mwenye kutaka kutoka katika khitilafu na adungwe usiku. Kutapika kusikokusudiwa hakuharibu saumu. Ila atapikaye sana hali hana maji mwilini yumo katika hukumu ya mgonjwa, naye ana ruhusa ya kula na kulipa. Na mwenye kutumia pamoja nayo insulini, au vidonge vishushavyo sukari, na amwendee tabibu wake katika mwezi wa Shaabani apangiwe vipimo upya, asije akaanguka mchana kwa sukari kushuka.

Wallahu aalam.