JIRANI NA MAHALI PA KUEGESHA GARI

Katika darsa yetu ya usiku wa Alkhamisi mwenzetu mmoja, aliyekuja likizo kutoka Ruiru, aliuliza swali ambalo baadhi yetu walilicheka mwanzo, kisha hapana aliyecheka. Alisema: "Kiwanja cha chini ya jumba la kupanga, ambacho wapangaji huegesha magari yao, ni haki ya nani? Ni ya aliyetangulia kuhamia, au ya aliyetangulia kurudi jioni?" Tukamtaka atueleze kisa chake, akakieleza bila ya kujificha. Kwa idhini yake twakiandika hapa pasina jina lake wala la jirani zake.

KISA CHENYEWE

Jumba analokaa lina nyumba 16, na kiwanja chake hakichukui zaidi ya magari 9. Alipohamia hakuwa na gari. Aliponunua, alikuta kila pembe ina mwenyewe. Jirani yake wa chini, mtu wa huko huko bara na si Muislamu, alikuwa ameweka jiwe na mnyororo karibu na mlango, akamwambia, "Hapa ni pangu, ndugu yangu, mwaka wa sita huu." Mwenzetu akamjibu, "Mkataba wangu wasema kiwanja ni cha wapangaji wote, nami nalipa kodi kama wewe." Maneno yakazidi, mpaka salamu zikakatika.

Toka siku hiyo mwenzetu akawa akirudi usiku huliegesha gari lake nyuma ya la jirani, akamzibia njia, na asubuhi hateremki mpaka mlango wake ugongwe. Ijumaa moja akapanda basi kuja Mombasa arusini, na ufunguo wa gari umo mfukoni mwake. Usiku wa manane mke wa jirani akashikwa na uchungu. Gari lao lipo, lina mafuta, na mwenyewe yupo, lakini halina pa kutokea. Nambari ya simu ya mwenzetu hawana, kwani walikuwa hawasemi. Wakamshika mama yule mkono mpaka barabarani kutafuta teksi. Alhamdulillahi, alifika, na mtoto akazaliwa salama.

"Niliporudi," akasema mwenzetu, "nilingoja matusi. Jirani hakunitukana. Aliniuliza neno moja tu: Na lau angalikufa?"

KWA NINI JAMBO HILI LIMEKUWA KUBWA

Wengi wetu huku pwani twaijua Thika kwa viwanda vyake, na kwa mto Chania uangukao kwa kishindo ukingoni mwa mji. Lakini mji huo na jirani yake Ruiru si ile miji tuliyoizoea. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2009 Ruiru ilikuwa na watu wapatao 240,000, na kwa hesabu ya mwaka 2019 walikuwa wapatao 490,000. Barabara kuu ya Nairobi mpaka Thika ilifunguliwa rasmi mwaka 2012, na mtu aweza kufanya kazi Nairobi na kulala Ruiru. Majumba ya kupanga yakajengwa kwa wingi, na wana wetu ni miongoni mwa wakaaji wake, wengine kwa kazi na wengine kwa masomo. Mwenye jumba hupata kodi kwa vyumba, wala hapati kodi kwa uwanja. Basi vyumba huzidi na uwanja hupungua, na wapangaji wakaachiwa wagombane.

HAKI NI YA NANI?

Jawabu ni kuwa si ya aliyetangulia kuhamia, wala si ya aliyetangulia kurudi. Neno hili "kuegesha" sisi wa pwani tulikuwa nalo kabla ya magari, kwa vyombo vya baharini. Nahodha akiegesha jahazi lake gatini hutumia mahali kwa haja yake, kisha hung'oa akaenda. Hata akija kila kusi kwa miaka 20, gati haliwi lake. Kukaa zamani si kumiliki, na mnyororo si hati.

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi waliyachungua mambo ya namna hii zamani sana. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake cha Minhaji kinachosomeshwa katika darsa zetu, ametaja khabari za njia na za kuta za majirani ndani ya mlango wa sulhu. Humo amefarikisha baina ya njia kuu, ambayo ni ya watu wote, na kichochoro kisichotokea upande wa pili, ambacho ni cha wale wenye milango humo. Katika kichochoro hicho mmoja wao hana ruhusa ya kutokeza hata roshani ila kwa ridhaa ya wenziwe. Aliyekulia vichochoroni mwa Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana.

Kweli, kiwanja cha jumba la kupanga si kichochoro sawasawa. Ardhi ni ya mwenye jumba, na mpangaji ana manfaa tu aliyoyakodi. Lakini maana ni moja: palipo na haki ya wengi, mmoja hajikatii fungu lake kwa jiwe, wala hamzibii mwenziwe kwa gari.

Kwa hiyo wote wawili walikosa. Jirani alikosa kwa kujimilikisha kisichokuwa chake. Mwenzetu alikuwa na haki ya kudai fungu lake, akaipoteza alipoidai kwa kudhuru, kwani madhara hayaondolewi kwa madhara. Wala asije mtu akasema kuwa yule si Muislamu. Ujirani una haki yake wenyewe, na jirani asiye wa dini yetu anayo haki hiyo kamili. Bali yeye huenda asiujue Uislamu ila kwa yale ayaonayo kwa Muislamu wa mlango wa pili.

SHERIA YA NCHI

Yafaa kujua pia sheria ya Kenya ilivyo. Katika majumba ambayo kila nyumba ina mmiliki wake, ipo Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, iliyofuta ile ya mwaka 1987. Kwa sheria hiyo wamiliki huwa na shirika lao, sehemu za pamoja huwa zao wote kwa mafungu, na zipo kanuni za ndani na kamati ya ndani ya kutatua migogoro. Ama katika majumba yenye mmiliki mmoja, na ndiyo mengi tuyasemayo, msingi ni mkataba wa kupanga. Mpangaji na ausome kabla ya kutia sahihi, na kama haukutaja mahali pa gari, aombe patajwe.

Wengine hudhani Kadhi ataamua. Katiba ya mwaka 2010 imeiwekea mipaka mahakama ya Kadhi: ndoa, talaka, urithi na hali za nafsi baina ya Waislamu. Mzozo wa kiwanja haumo. Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 159, yawataka mahakimu kuhimiza upatanisho na usuluhishi. Basi sulhu si unyonge wa asiyekuwa na wakili. Ni njia iliyokubaliwa na sheria za dini yetu na sheria za nchi pamoja.

SULHU HUFANYWAJE?

Haya ndiyo tuliyoafikiana darsani, nasi twaona yafaa jumba lolote, liwe Thika au Tudor:

Kwanza, wakutane wakaaji wote, hata wasiokuwa na magari. Wao pia wana watoto wachezao uwanjani, na wagonjwa watakaohitaji kutolewa upesi. Mwenye jumba au msimamizi wake awepo, kwani bila ya idhini yake makubaliano hayatadumu.

Pili, mahali papimwe na pachorwe kwa rangi. Gari dogo latosheka na mita 2 na nusu kwa 5. Njia ya kutokea isiegeshwe kitu hata kwa dakika tano.

Tatu, ikiwa magari ni mengi kuliko mahali, wagawane kwa zamu, mwezi kwa mwezi, na kura ipigwe hadharani. Mafakihi huuita mgawanyo huu wa zamu muhayaa, na asili yake ni kuridhiana. Kilema na mgonjwa watangulizwe karibu na mlango, kwa ridhaa ya wote na bila ya kura.

Nne, anayelazimika kuegesha nyuma ya mwenziwe amwachie bawabu ufunguo na nambari ya simu. Asiyeweza kuacha ufunguo asiegeshe hapo.

Tano, yaandikwe, yatiwe sahihi, yabandikwe langoni, na yaangaliwe tena kila baada ya miezi sita.

Sita, mwenye lalamiko amwendee mwenziwe uso kwa uso kabla ya kulitangaza katika kundi la WhatsApp la jumba. Wasipoafikiana, wachague watu wawili wanaoaminika. Kisha kwa mwenye jumba au kamati. Mahakama iwe ya mwisho. Ama kutoboa gurudumu au kukwaruza rangi ni kuharibu mali ya mtu, na mwenye kufanya hayo atalipa.

NENO KWETU SISI WENYEWE

Tusiwaone watu wa Ruiru tu. Kila Ijumaa twaona magari yameachwa mbele ya malango ya watu karibu na misikiti yetu, na wenyewe wako safu ya kwanza. Mtu amekimbilia fadhila ya kuwahi, na nyuma yake amemfungia mzee ndani ya nyumba yake. Na ajiulize: amekuja na thawabu ngapi, na ataondoka na ngapi?

Mwenzetu tulimwagiza arudi na mambo matatu: udhuru wake, ufunguo wa pili, na karatasi ya mapatano. Baada ya wiki tatu alituandikia. Mkutano umefanyika na kura imepigwa. Jirani amepata pembe ya mbali, na yeye mwezi huu hakupata kitu, huegesha nje kwa kulipa. Mnyororo ungali pale mlangoni, lakini haufungwi tena. Na juzi jioni jirani alimpandishia mtoto ampakate.

Mwenyezi Mungu atuafikishe kuzijua haki za wenzetu kabla ya kuzidai zetu. Amin.